Mahudhurio ya Nyasi

Mwalimu Kibwana alitoa sharti moja tu kabla ya kukubali kupanda mlima na mpwa wake, na sharti lenyewe lilimchekesha Pili mpaka chai ikampalia.

"Kule juu," mzee alisema, "usiniite kama hunioni."

"Sasa mjomba, kama nakuona nikuite wa nini?"

"Ndiyo maana yake. Ukiniona, njoo useme nami. Usiponiona, nyamaza unitafute. Mtu akisikia anaitwa ndani ya ukungu wa Lukwangule, haitiki. Hajui anayemwita ni nani."

Walikuwa wamekaa barazani kwa mzee, Kihonda, mjini Morogoro, na sahani ya mihogo ya kuchemsha katikati yao. Pili alikuwa daktari, lakini si wa kuchoma watu sindano. Alikuwa daktari wa mimea, anafundisha chuoni, na kazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa kuhesabu ni mimea gani inaishi pale ambapo msitu wa Uluguru unakutana na majani ya uwanda wa Lukwangule, juu mlimani. Alihitaji mwandishi. Wanafunzi wake waliandika wanavyosikia. Mwaka uliopita mmoja wao alilipatia jani moja majina matatu, na ilibaki kidogo Pili atangaze uvumbuzi. Mjomba wake alikuwa amefundisha shule ya msingi tangu ujana mpaka kustaafu, mwandiko wake ulisomeka hata na kipofu, na pensheni ilikuwa imemwachia muda mwingi wa kuwasumbua majirani. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu, ila hilo alilitaja pale tu palipokuwa na kazi ya kubeba maji.

Sharti lile hakulibuni yeye. Lilikuwa la bibi yake, mwanamke wa upande wa Mgeta aliyemlea yeye na dada yake Raya. Bibi alisema wafu wa ukoo wanakaa juu kwenye ukungu, na kwa kuwa kukaa peke yao kunachosha, huita. Huita kwa sauti unayoijua. Ukiitika, umekubali kwenda. Basi unyamaze, uteremke, na ukishavuka shamba la kwanza la watu ndipo usimame, ugeuke, uwaitikie wote uliowanyamazia, maana nao ni watu wako na kunyamaziwa kunauma.

"Haya mjomba," Pili alisema, akijifuta chai kidevuni. "Sitakuita."

Aliahidi kirahisi, kama mtu anavyoahidi kurudisha sufuria ya jirani. Raya, mama yake Pili, alikuwa amefariki mwaka juzi. Kabla hajafa alimshika mwanawe mkono akamwambia neno moja kuhusu Kibwana: amwangalie, kwa kuwa hana mke, hana mtoto, na ndiye aliyeuza baiskeli na redio ili Pili asome. Pili alikuwa na sauti ya mama yake, ileile, na kila alipompigia mjomba simu mzee hukaa kimya kidogo kabla ya kusema haloo. Hilo Pili alilijua. Hakulitia maanani.

Kazi ikaenda vizuri kuliko alivyotarajia. Waliweka kambi pembeni mwa msitu, wao wawili pamoja na Yeremia, askari wa msitu aliyekuwa mwenyeji wao. Kila asubuhi Pili alisema, "Shikamoo mjomba," na mzee alijibu, "Marahaba, daktari," kisha wanapanda kwenye majani. Walivuta tepu ya mita hamsini toka ukingo wa msitu hadi ndani ya uwanda, na penye alama walilaza fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja. Pili alipiga magoti, uso karibu na ardhi, akataja kila mmea uliomo ndani ya fremu. Mwandishi alipaswa kulirudia jina kwa sauti ndipo aandike. Jina lisilorudiwa haliandikwi. Ndivyo Pili alivyofundishwa na ndivyo alivyofundisha.

Mwalimu Kibwana akaigeuza kazi hiyo kuwa mahudhurio.

"Panicum," Pili anataja. Hayo ni majani ya mafundo mafundo yaliyotanda uwanda mzima.

"Panicum. Yupo."

"Lobelia."

"Lobelia. Yupo. Mtoro huyu, jana hakuja."

"Mjomba, mmea unasema upo."

"Mwanafunzi wangu ni yupo. Endelea, daktari, kipindi kinaisha."

Siku ile ya mwisho walibakiwa na mstari mmoja tu, ule wa upande wa mashariki. Yeremia alikuwa ameshateremka na mzigo wa magazeti yaliyobeba mimea iliyokaushwa. Angewangoja mashambani chini. Upande wa magharibi wa Lukwangule msitu unashuka kwa adabu hadi kwenye viazi na njegere za watu wa Mgeta. Upande wa mashariki hauna adabu hiyo. Majani yanaisha, vinakuja vichaka vifupi, kisha nchi inakatika, na anayetaka kujua chini kuna nini inabidi alale kifudifudi achungulie. Walipofika jua lilikuwa kali na bonde lote lilionekana mpaka kwenye mabati ya nyumba. Walipomaliza fremu ya mwisho, alasiri, ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni.

Pili alikuwa mwisho wa magharibi wa tepu, mzee mwisho wa mashariki. Ukungu ulikuja kwa haraka asiyoizoea. Alimwona mjomba wake akiwa na koti lake la buluu, kisha akaona koti tu, kisha hakuona kitu. Hakuogopa. Tepu ilikuwa mkononi mwake, na mkono wa mzee ulikuwa upande wa pili.

"Mjomba!" alipaza sauti. "Achia, naikunja!"

Akasikia sauti yake ikimrudia kutoka mashariki, kwenye majabali. Akaanza kukunja. Tepu ilikuja nzito kwanza, ikikwaruza majani, halafu ikawa nyepesi. Alingoja kusikia hatua zikija pamoja nayo. Pete ya chuma ya mwisho wa tepu ilitokea kwenye ukungu ikiruka ruka juu ya majani, ikafika miguuni pake, ikatulia. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Mjomba?"

Alisimama akangoja, akijiambia mzee ana goti, anajikongoja, atatokea. Alijihesabia sababu zote ambazo mtu mwenye akili hujihesabia. Kisha akafuata mahali tepu ilipotokea, ameinama, akitazama majani yaliyolala. Alikikuta kigingi walichokipigilia asubuhi. Kando yake ulikuwepo ubao wa kuandikia, umewekwa chini vizuri, karatasi zimegeuzwa zisilowe, kalamu imebanwa juu. Mtu aliyeanguka haweki kalamu yake hivyo. Mzee aliondoka kwa miguu yake mwenyewe, kwa hiari yake, akaenda mahali.

Akauokota ubao, akautia mkobani.

Hofu haina shahada. Mwanamke aliyesoma hadi ughaibuni, aliyelala misituni na chui wakikohoa nje ya hema, alijikuta akikimbia huku na huku akipiga kelele. "Mjomba! Mjomba!" Majabali yalimrudishia, mjomba, mjomba, mara kulia mara kushoto. Simu yake haikuwa na mtandao. GPS ilikuwa shingoni mwa mzee, kwa sababu mwandishi ndiye anayechukua vipimo. Sweta la mzee lilikuwa kwenye mkoba wa Pili. Mzee alilivua asubuhi jua lilipochoma, akampa amshikie. Baridi ilikuwa imeshaanza kupenya kwenye mikono, na huko juu baridi ya jioni si ya kumwachia mtu wa miaka sitini na nane aliyevaa shati na koti la mitumba.

Aliita mpaka koo likamkauka. Mara moja akasikia kitu, kishindo cha mguu kwenye tope, si mbali.

"Mjomba, ni mimi! Niko hapa!"

Kishindo kikasimama. Kisha kikaanza tena, haraka zaidi, kikienda mbali naye.

Pili akabaki ameduwaa. Anamkimbia? Labda hasikii vizuri. Labda neno mjomba linapotea kwenye ukungu, ni neno la mdomo kufumba, halifiki. Akili ya mtu mwenye hofu ni duka la bei mbaya, hununua chochote. Akaamua kuita jina lenyewe, lile fupi, lenye nguvu. Tangu azaliwe hajawahi kulitamka bila heshima mbele yake, na alijisikia aibu hata pale akiwa peke yake.

"Kibwana!" aliita. "Kibwana! Kibwanaa!"

Mtaani alikuwa Mwalimu. Nyumbani alikuwa Mjomba. Msikitini alikuwa Mzee Kibwana. Duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyemwita Kibwana hivihivi, akivuta ile herufi ya mwisho, na mtu huyo walimzika mwaka juzi. Pili hakulikumbuka hilo. Alisikia tu vishindo vikigeuka kuwa mbio, mbio za mtu mwenye goti bovu, mguu mmoja mzito mmoja mwepesi, zikielekea mashariki.

Alimfuata. Alikimbia hatua chache akajikwaa kwenye fundo la majani, akaanguka kwa magoti na viganja, uso karibu na ardhi, namna ileile aliyofanya kazi siku zote. Macho yake yakafanya yalichozoea kufanya. Yakasoma.

Panicum yalikuwa machache, yamekonda. Kati yake yalikuwapo maua makavu ya rangi ya fedha, na kichaka cha Protea kimeinama kwa upepo. Alitambaa kidogo mbele. Panicum yakaisha. Ukaja ukoka mfupi wa mwamba, kuvu za kijivu, na mmea mdogo wa majani manene unaopenda kuning'inia penye mvuke. Mkusanyiko huo alikuwa ameuandikisha mara moja tu katika kazi nzima, kwenye fremu ambayo mjomba alikataa kuisogelea, akaandika akiwa amekaa mbali, akisema wanafunzi wa darasa hilo wana utovu wa nidhamu. Ilikuwa fremu ya mwisho kabla ya genge. Kutoka kwenye mmea ule wa majani manene hadi pale nchi inapokatika ulikuwa urefu wa mtu aliyelala.

Hakuona genge. Mbele yake palikuwa peupe tu, kama palivyokuwa peupe kila mahali, ila upepo ulikuwa unapiga kutoka chini kwenda juu. Akalala kifudifudi akashika majani kwa mikono yote miwili. Lau angekimbia hatua nyingine mbili tatu, habari yake ingeishia hapo. Na mzee alikuwa mbele, anakimbia, haoni.

Akasikia kikohozi. Kilikuwa kushoto kwake, karibu kabisa, kikavu, kile kikohozi cha mjomba wake cha kumtaka mwanafunzi anyamaze. Kilitoka usawa uleule wa ukingo.

Kinywa chake kilifunguka kumwita, na jina lilikuwa limeshafika mdomoni, ndipo mihogo ya Kihonda ilipomrudia. Usiniite kama hunioni. Hajui anayemwita ni nani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa aliyekuwa akielekea kuvunjika si guu lake, ni mkuu mwenyewe. Kila alipoita alimsukuma. Alikuwa amemfukuza mjomba wake uwanda mzima kwa sauti ya marehemu dada yake, toka kwenye tepu hadi kwenye genge, na wito mmoja zaidi ungemmalizia njia iliyobaki.

Alifumba mdomo kwa kiganja. Machozi yalimtoka ya hofu tupu. Kunyamaza hakuwezekani, mzee atasogea hatua moja tu katika kutapatapa na yatakuwa yamekwisha. Kuita hakuwezekani. Kutambaa kwenda alipo, mzee atasikia kitu kikimjia majanini na atarudi nyuma, na nyuma hapana mahali. Akamwomba Mungu, maneno yote aliyofundishwa madrasani utotoni yakatoka yamechanganyika. Na katikati ya maombi, macho yake yakiwa bado juu ya ule mmea mdogo, aliona kitu gani duniani angeweza kukitaja ambacho marehemu mama yake, aliyeuza vitumbua na kujua mboga na dawa za tumbo tu, asingekijua kamwe.

Akasafisha koo. Sauti ilimtetemeka, akailazimisha iwe ile ya kazi, ya kuchosha, isiyo na haraka.

"Fremu ya kwanza," alisema. "Panicum."

Upepo. Tone la maji likaanguka kutoka kwenye Protea.

"Panicum," alirudia. Jina lisilorudiwa haliandikwi. Alingoja, kama ambavyo angengoja mwandishi yeyote mzembe. "Panicum, mwandishi."

Hapakuwa na kitu. Kisha, kutoka kwenye weupe, sauti hafifu, meno yakigongana:

"Panicum... Yupo."

Pili aliuma mkono wake asipige kelele. "Lobelia," alisema.

"Lobelia. Yupo."

"Protea. Hapa kwangu, upande wa ndani."

"Protea. Yupo."

"Helichrysum."

"Rudia. Mtaje taratibu."

"Helichrysum. Yale maua makavu, mwandishi. Uliyasema yamevaa kama bibi harusi wa Gairo."

Palikuwa na kimya kirefu, na ndani yake Pili alizeeka. "Yupo," sauti ilisema, na safari hii ilikuwa sauti ya mtu, si ya kivuli. "Yupo. Darasa linaanzia wapi?"

"Linaanzia kwangu. Kila jina, sogea kidogo kuja kwenye sauti. Kwa magoti. Usisimame."

"Goti langu, daktari."

"Kwa tumbo basi."

Aliita mahudhurio yote. Aliita nyasi za fremu ya kwanza na za fremu ya pili, akaita ndago za mabwawani, akaita kangaga ndogo za kivulini, na zilipokwisha za uwandani akaingia msituni, akaita podo na mkulo, akaita migomba-mwitu, akaita miti ambayo haijawahi kuota karibu na pale tangu dunia iumbwe. Kila jina lilirudi limeitikwa, na kila lilivyorudi lilikuwa karibu zaidi. Mara moja jiwe liling'oka huko mbele, akalisikia likianguka, na hakulisikia likifika. Alikwama. Sauti ya mzee ndiyo iliyomwokoa, kali, ya darasani: "Nani anafuata? Nimesema nani anafuata!"

"Allanblackia," alisema Pili akilia.

"Allanblackia. Yupo."

Na mkono wa baridi, umejaa tope, ukatokea kwenye ukungu ukamshika kifundo cha mkono.

Alimvuta hadi penye Panicum nzito, mahali ambapo majani yenyewe yalikuwa ushahidi kwamba nchi ipo chini yao. Alimvalisha sweta. Alimkumbatia kama mtoto, mzee mzima, mwalimu wa walimu, akimpapasa mgongo na mikono kuhakikisha yote ipo. Mzee alikuwa anatetemeka mwili mzima, na miwani yake na GPS vilikuwa vimepotea.

"Kwa nini uliiacha tepu, mjomba?"

"Niliitwa. Sauti yako, ikatoka upande wa mashariki. Nikaitika, Pili. Mimi mwenyewe niliyekukataza. Nikaenda. Halafu nikakumbuka wewe uko magharibi, mwisho wa tepu."

"Ni majabali yale. Mwangwi."

"Inawezekana." Alimeza mate. "Halafu ukaanza kuniita jina langu."

"Nisamehe, mjomba. Nisamehe."

Hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ametazama mashariki na machozi yakimtiririka waziwazi, mzee ambaye hata mazikoni alikuwa amesimama mkavu akielekeza watu pa kupaki magari. "Sikuwa namwogopa," alisema. "Hilo ndilo baya. Nilikuwa natamani kumwitika. Nimemnyamazia dada yangu alasiri nzima, akiniita na kunililia, nikamkimbia kama mbwa. Unadhani ni kazi rahisi?"

Pili aliusawazisha mkoba begani. Akamshika mzee mkono, wakaanza kurudi magharibi. Alifuata mimea. Fundo nene la Panicum, kisha lenye ndago na maji, kisha majani yenye miche midogo ya msituni inayojaribu bahati yake uwandani. Ndivyo alivyojua wanakwenda sawa. Walipoingia chini ya miti giza lilikuwa limeanza kushika, na njia ya Yeremia ilikuwa wazi miguuni pao. Moyo ulianza kumrudi. Alikuwa ameshaanza hata kufikiri atakavyoisimulia habari hii chuoni, na sehemu gani ataificha.

"Pili."

Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake kutoka chumba cha pili. Ilitoka nyuma yao, juu, walikotoka.

Alisimama. Mzee akasimama pia, kwa kuwa mikono yao ilikuwa imeshikana. Yeremia alikuwa chini, na Yeremia humwita Daktari. Sauti ya watu, ukungu ukipita kwenye miti, huweza kufanya lolote. Ndege wapo wanaolia vibaya zaidi ya hapo. Akafanya kilichomwokoa mara ya kwanza. Akageuza uso nusu, akasema kwa sauti, "Podocarpus."

Alingoja airudie mtu. Hakuna aliyeirudia.

"Pili. We Pili."

Ilikuwa ile namna ya kuita chakula kikiwa tayari. Nyumbani kwao mtoto aliyeitwa mara mbili bila kuitika alifinywa sikio, na kwa mtoto wa kike kiitikio kilikuwa kimoja, abee, kabla hata hujaweka chini ulichoshika. Neno lilipanda lenyewe. Liligonga meno. Hakuna kitu alichowahi kukitaka kama alivyotaka kulitoa lile neno, na hakuna kitu alichowahi kukiogopa kiasi kile. Aliuma mdomo mpaka akaonja chumvi ya damu, akauvuta mkono wa mjomba wake, wakashuka. Hakumwuliza kama na yeye amesikia. Mzee alikuwa amemshika kwa nguvu zaidi, basi.

Iliwafuata kitambo. Halafu haikuwafuata tena.

Msitu ulikatika ghafla wakatoka kwenye shamba la njegere, vijiti vimesimikwa mistari mistari, harufu ya mbolea na moshi. Chini kidogo kurunzi ya Yeremia ilikuwa inapanda, na yeye mwenyewe anapiga mluzi. Walivuka shamba lote bila kusema. Penye mfereji wa maji, mpakani, Mwalimu Kibwana akasimama. Akafunga vifungo vya koti juu ya sweta, vyote, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Akageuka kuutazama mlima.

"Naam, Raya," alisema. "Naam, dada yangu. Nilikusikia."

Kisha akamtazama mpwa wake, na macho yake bila miwani yalikuwa madogo na yamechoka.

"Na wewe," alisema, "kama una wa kumwitikia."

Pili alitaka kusema hana. Alitaka kusema mwangwi, ndege, upepo, uchovu, na yote hayo angeweza kuyatetea mbele ya watu. Akageuka. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya miti, hausogei.

"Abee, mama," alisema, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mama yake.

Kurunzi ya Yeremia ilikuwa imebakiza matuta machache kuwafikia. Wakabaki wamesimama wawili wao, wameshikana mikono, wakiusikiliza mlima, na kila mmoja alikuwa anaomba moyoni kusije jibu.